Kilio cha Kuku

Watu wa Kasongo wa umri wangu, wale waliobaki, wakinikuta sokoni hawaniulizi hali. Huniomba nikohoe. "Kohoa kidogo, Bibi," husema, na tayari wameshaanza kutabasamu. Walianza kuniita Bibi nikiwa bado sijaruhusiwa kwenda mtoni peke yangu. Siku hizi sikohoi. Napita na chumvi yangu kifuani, uso nimeukunja, nao hucheka vilevile, kwa sababu mchezo wenyewe ulikuwa huo: bibi kizee amenuna, anapita.

Mambo haya yalianza kwa bibi yangu wa kweli, mama yake mama, aliyekuwa akikaa Kabambare. Alikuwa Mbangubangu wa zamani, Kiswahili alikikataa mpaka anakufa. Alikuwa na kuku mmoja jike ambaye nadhani alimpenda kutushinda sisi wajukuu. Kuku yule alilala uvunguni mwa kitanda chake, na kila jua likianza kushuka bibi alitoka na fimbo kwenda kumtafuta, huku akikohoa na kuwaita majirani wote wezi kwa zamu. Mwaka mmoja tulipokuwa tumekwenda kumtembelea, kicheche akamchukua yule kuku. Bibi akaketi chini katikati ya uwanja, akaweka mikono kichwani, akalia kama mtu aliyefiwa. "Kuku wangu eee! Wewe ndiye uliyekuwa ukinijua!" Wakubwa waliuma midomo wasicheke. Mimi sikuwa na haja ya kuuma mdomo. Niliona bibi analia, basi, nikamtazama jinsi anavyolia.

Tuliporudi Kasongo nikakifanya kilio kile uani kwetu. Sikuwa na nia yoyote. Nilijifunga kaniki ya mama mpaka kichwani, nikachukua mwiko mrefu wa ugali kuwa fimbo, nikapinda mgongo. Wanawake waliokuwa wakipepeta mpunga wakaacha nyungo zao. Mmoja alilala kabisa juu ya mkeka akishika mbavu. Mjomba wangu, kaka yake mama, akatoka ndani kuona kuna nini. Yeye hakucheka. Alinitazama kama anavyotazama ngozi ya ngoma iliyokauka vizuri.

Mjomba ndiye aliyekuwa mwanamume wa nyumba yetu. Baba alikuwa mwungwana wa pwani, alitoka Kasongo na msafara wa pembe za ndovu nikiwa mgongoni mwa mama, na hakurudi, wala habari zake hazikurudi. Mama alilima mpunga katika shamba la tajiri mmoja wa pembe. Mjomba alipiga ngoma kwenye sherehe za tajiri huyohuyo. Basi msafara wa tajiri ulipoingia mjini, na bunduki zilipokwisha kulia na vigelegele kunyamaza, mjomba akanishika mkono akaniweka katikati ya baraza, mbele ya wanaume wenye majoho. Akanifunga kaniki yeye mwenyewe. Akaniambia, "Usiwatazame. Tafuta kuku yako tu."

Nikamtafuta. Nikachungulia chini ya mikeka yao, nikachungulia ndani ya joho la tajiri mwenyewe. Nikakohoa. Nikawaita wezi. Halafu nikaketi, nikaweka mikono kichwani, nikalia. Mjomba alikuwa ameniongezea maneno ya mwisho, ambayo bibi hakuyasema kamwe. Baada ya kilio nilitakiwa ninyamaze, ningoje wacheke mpaka waishe, kisha niinue uso taratibu na kusema, "Mwenye kumwona anirudishie, hata manyoya." Tajiri alimwaga kahawa yake. Alifuta macho kwa kilemba, akanivisha leso mpya mabegani kwa mkono wake, akawaambia watu, "Huyu sasa iko bibi yangu. Mutu asimuguse."

Watu wa pande nyingine huenda hawajui maana ya neno lile kwetu. Mjukuu na bibi ni watani. Mjukuu anaweza kumnyang'anya bibi tonge mkononi, kumfichia fimbo, kumwita mke wangu mbele ya wageni, na bibi hana ruhusa ya kukasirika. Akikasirika, hasira yake ndiyo utamu wa utani. Siku tajiri aliponiita bibi yake, mji mzima ulifuata, wakawa wajukuu zangu wote, wanaume wenye ndevu, wapagazi, askari wa bunduki, wanawake waliokuwa na watoto wakubwa kuliko mimi. Waliona ni heshima. Hata mama aliona ni heshima.

Nami sitadanganya, ilikuwa tamu. Mtoto wa mke aliyeachwa, mimi, nilibebwa mabegani njia nzima ya Kabambare wakati watoto wenzangu wanachubuka miguu. Huko Nyangwe siku ya soko wanawake waliwaacha samaki wao na inzi wakaja kuniangalia, na wenye mitumbwi walichelewa kuvuka kwa ajili yangu. Kila nilipofika nilipewa wali na kuku. Kuku, kila mahali, kwa sababu ya utani. "Bibi amekula kuku yake mwenyewe!" Nilikula, nikaramba vidole, wakafa kicheko tena.

Mtu mmoja tu hakucheka. Mara ya kwanza nilipocheza Kabambare, bibi yangu wa kweli alikuja na fimbo yake akasimama pembeni. Mama alijificha kwa aibu. Lakini bibi hakujitambua hata kidogo. Alimwona mtoto aliyepotelewa na kuku, analia, na watu wazima wanamcheka. Akapita katikati yao akiwasukuma kwa kiwiko, akanifungulia kiganja, akaniwekea yai. Akasema kwa Kibangubangu, "Anza upya na hili." Watu wakazidi kucheka, wakidhani ni sehemu ya mchezo. Nililibeba yai lile mpaka Kasongo nimelifunga kwenye leso, likaharibika, mama akalitupa. Bibi alikufa masika yaliyofuata. Nimeishi na watu wengi tangu hapo, na sijampata mwingine aliyesikia kilio kile akadhani ni kilio.

Meno yangu ya utoto yalipong'oka, mchezo ulinoga kupita kiasi. Pengo la mbele lilifanya maneno yatoke na mluzi, kama vizee hasa. Kila jino lililotoka nililirusha juu ya paa la nyasi kama watoto wote wanavyofanya, nikasema, "Chukua hili bovu, nipe jipya." Na mapya yakaja. Yalikuja makubwa, meupe, manne ya juu yamejipanga vizuri. Mama aliyafurahia. Alinisugulia kwa mkaa na mswaki wa mti mpaka yakang'aa.

Ila watu walianza kucheka kidogo. Kizee gani mwenye meno kama yale? Kwenye arusi moja mtu alipaza sauti, "Bibi ameota meno, fungieni mbuzi!" na kicheko cha siku ile kilikuwa cha maneno yake, si changu. Mjomba alirudi nyumbani. Kwa muda alikaa uani ameshika tama, ngoma iko kando yake. Nyumba yetu ilikuwa imezoea kula wali wa karamu na kuvaa nguo za zawadi, na mama alikuwa ameacha kulima shamba la watu. Sasa naelewa walichokuwa wakiogopa. Wakati ule nilijua tu kwamba wananong'ona, na kwamba nikiingia wananyamaza.

Asubuhi moja mama aliniambia twende kwa mhunzi anitilie chuma kwenye ncha ya fimbo yangu. Nilifurahi, fimbo yenye chuma ilikuwa ya wakubwa. Mhunzi yule alikuwa mtu wa juu ya mto, vijana wa kabila lake alikuwa akiwachonga meno kwa urembo, na vyombo vya kazi hiyo alikuwa navyo. Mjomba alikuwa ameshatangulia. Alikaa juu ya gogo hanitazami. Mama akaketi chini, akaniita, akakibana kichwa changu katikati ya magoti yake, akaniambia yale maneno ambayo nimeyageuzageuza maisha yangu yote kama mtu anayetafuta chuya kwenye mchele.

"Yatarudia, mutoto wangu. Yale ya kwanza si yalirudia?"

Nami nikatulia. Ndicho kinachoniuma kuliko maumivu yenyewe. Sikupiga mateke, sikumng'ata mtu, kwa sababu alichosema kilikuwa kweli. Ya kwanza yalirudi. Nilikuwa nimeyaona yakirudi kwa macho yangu na kuyagusa kwa ulimi wangu. Mtoto angewezaje kujua kwamba jambo linaweza kuwa kweli mara moja tu? Nilifumba macho, nikashika kanga ya mama, nikafungua kinywa.

Tulirudi nyumbani nimejaza kitambaa mdomoni. Meno yote manne nilikuwa nimeyafumbata mkononi. Nilisimama chini ya paa, nikayarusha moja moja. Maneno hayakutoka kwa sababu ya kitambaa, kwa hiyo niliyasema moyoni: chukua haya mabovu, nipe mapya. Hayakuwa mabovu.

Tangu siku iliyofuata mama alianza desturi yake. Kila asubuhi, kabla ya uji, alinishika kidevu, akaingiza kidole cha shahada kinywani mwangu, akapapasa ufizi kutoka upande huu hadi upande huu. "Bado," alisema. Kisha aliniosha uso. Mwanzoni nilimngojea kwa hamu. Baadaye nilijua, na nikamwacha aendelee. Wenzangu waliolewa, wakazaa, na mimi bado asubuhi nilikuwa nafungua kinywa kwa mama yangu kama kinda. Mpaka leo sijui kama aliamini meno yatarudi, au kama kidole kile kilikuwa namna yake ya kuniomba radhi. Sikumwuliza, na hakukuwa na siku aliyoniambia bila kuulizwa.

Mchezo ulirudi kuwa mchezo. Kwa miaka kadhaa nilicheka nao na kula nao. Halafu mwili ukakua, na mwili hauna mhunzi. Kifua kilipoanza kutoka mjomba alimwagiza mama anifunge kitambaa kukibana. Urefu hakuweza kuufunga, basi aliniambia nipinde zaidi, nikapinda mpaka kiuno kikawa kinanipigia kelele usiku. Watu walitazama miguu yangu mirefu ikitoka chini ya kaniki na hawakujua wacheke nini. Wanaume wengine walitazama mambo mengine.

Mwisho wake ulikuja kwenye sherehe ya tohara nyumbani kwa tajiri. Mtu wa mwituni alikuwa amemletea kasuku wa kijivu aliyejua kutukana kwa Kiarabu. Nilikuwa katikati ya uwanja, ndiyo kwanza nimeanza kuchungulia chini ya mikeka, kasuku akatoa tusi moja, na baraza zima likapasuka. Wakamgeukia yeye. Wakamchokoza atukane tena. Hakuna aliyeniambia niache, na mimi nilikuwa sijui kuacha. Nilimtafuta kuku wangu, nikakohoa, nikaketi, nikalia, nikangoja kicheko kiishe, nacho kilikuwa cha kasuku, nikasema maneno ya manyoya, na mjomba akapiga ngoma ya kufunga kama siku zote. Halafu tukasimama pale, mimi na yeye. Nilimwona mjomba wangu anazeeka mbele yangu. Haukupita muda akafuatana na msafara wa Ujiji, yeye na ngoma yake, akatutupa mkono.

Karamu zikaisha, leso zikaisha, mama akarudi shambani na mimi nikaenda naye. Jina la Bibi halikuisha. Hicho ndicho kitu ambacho sikukitegemea. Nilidhani sifa ni kama nguo, wakikuvua unabaki wewe. Nilipoifungua kaniki ile nikakuta sina sauti nyingine. Bila meno ya mbele kila neno langu lilitoka na mluzi uleule waliokuwa wameulipia kwa vicheko. Nikinunua samaki, wanacheka. Nikisema nimeibiwa, wanacheka, tena sana, kwa sababu kuwaita watu wezi ilikuwa sehemu ya mchezo. Nilikwenda chuoni kwa mwalimu nijifunze kusoma, nikiwa msichana mkubwa kati ya watoto wadogo, na al-Fatiha yangu ilimfanya mwalimu mwenyewe, mtu mcha Mungu, ajifanye anafuta pua. Hakuwa na ubaya. Hakuna aliyekuwa na ubaya, na hilo ndilo lililonikosesha hata mtu wa kumchukia.

Nikaolewa, ingawa. Alikuwa mtu wa kutoka Ujiji, mkulima wa mpunga, mpole, hajawahi kuuona mchezo. Nilizungumza naye leso ikiwa mdomoni, akadhani ni haya. Kabla ya posa kukubaliwa niliona si haki, nikaishusha leso nikamwonyesha. Alitazama kidogo, akasema, "Meno ni meno. Miye sioi meno." Nilimpenda palepale, bila kujivuta.

Siku ya nikaha mashahidi walikuja nyuma ya pazia kuniuliza kama nimeridhia, kama desturi inavyotaka. Nilikuwa nimengojea swali lile kuliko kitu chochote. Nikajibu, "Ndiyo, nimeridhia." Wakaangua kicheko. Walikuwa wajukuu zangu wote wawili, waliwahi kunibeba mabegani. Mwalimu aliwakemea kutoka barazani, wakarudi wakiwa wamejikaza, wakaniuliza tena, na safari hii nilijibu kwa kutikisa kichwa tu. Niliolewa kwa kutikisa kichwa.

Mume wangu alivumilia kadiri alivyoweza. Kila alipopita sokoni walimpigia vijembe. "Mjukuu! Bibi iko na usingizi mzuri?" "Mjukuu, ulimupata kuku?" Kwanza aliwajibu kwa utani, kisha akapigana, kisha akanyamaza. Nyumbani hakuniletea neno. Siku moja alikanyaga chungu changu kipya kikavunjika, nami nikakasirika, hasira ya kweli ya mke mwenye nyumba. Nikasimama mlangoni mkono kiunoni nikaanza kumsemesha. Nikamwona anabana midomo. Akageuza uso. Mabega yakaanza kutikisika. Aliomba msamaha mpaka jioni, akanunua chungu kingine kizuri zaidi, lakini mimi nilikuwa nimeshaona. Yeye pia alijua nimeona. Alipoondoka kurudi kwao alinipa talaka kwa adabu zote, hata akanikatia kuni za kutosha kabla hajaenda. Nikarudi kwa mama. Asubuhi ya kwanza akanishika kidevu.

Halafu vita vya Wazungu vikafika Kasongo. Sitaandika juu ya vita, wapo wanaume wa kuandika hayo. Sisi tulibeba mchele kiasi tulichoweza, sufuria moja na mkeka, tukafuata njia ya Kabambare pamoja na nusu ya mji. Njia ileile niliyopita mabegani. Watu walikuwa wakianguka pembeni kwa njaa, na walioamka asubuhi hawakuwa wote waliolala. Ndui ilitembea na sisi. Mimi ilikuwa imenipata utotoni kidogo, ikaniacha. Mama ilimpata tulipokuwa karibu kufika.

Hawakuturuhusu kuingia kijijini na ugonjwa, na walikuwa na haki. Nilimlaza kwenye kibanda cha kulindia ndege katika shamba la mpunga lililokwisha kuvunwa. Nilimpa maji kwa jani la mgomba, tone kwa tone. Uso wake ulikuwa hauna mahali pa kushika. Siku ya mwisho, jua likiwa limeshapanda, alinyoosha mkono akawa anatafuta hewani. Nikafahamu anatafuta nini. Nikainama, nikafungua kinywa.

Kidole kilikuwa cha moto, hakina nguvu, kilikuja na kuteleza. Kikapapasa ufizi upande huu mpaka upande huu.

"Yameota?" akaniuliza.

"Yameota, mama," nikasema.

Akapapasa tena palepale penye utupu, polepole, kama mtu anayehesabu. "Ee," akasema. "Miye nasikia ncha." Kisha mkono ukashuka. Alikata roho kabla ya adhuhuri.

Nilihitaji watu. Maiti ya mwanamke huoshwa na wanawake, na kaburi linataka wanaume wa kulichimba na wa kumsalia. Wakimbizi wa Kasongo walikuwa wamepiga kambi upande wa pili wa kijito, chini ya vibanda vya majani, na wengi wao ndui ilikuwa imeshawapitia, kwa hiyo wangeweza kuja. Nikaenda mbio. Nilikuwa nimemwinamia mama siku nyingi na kiuno kilikuwa hakinyooki, basi nilikimbia nimepinda, nimeshika kijiti nilichokiokota njiani ili nisianguke. Kaniki ya mama nilikuwa nimejifunga kichwani. Vumbi lilikuwa limenikaba, nilikuwa nakohoa.

Sikufikiri lolote kati ya hayo. Nilifika katikati ya kambi, nikawaona watu wangu, nikaketi chini. Mikono ikaenda kichwani yenyewe. Nikalia, "Mama yangu eee! Wewe ndiye uliyekuwa ukinijua!"

Wakacheka.

Nataka niwe mwaminifu kwao. Watu wale walikuwa hawajacheka tangu tutoke Kasongo. Walikuwa wamezika watoto njiani. Wakamwona Bibi, Bibi wao wa siku za wali na vigelegele, amewatokea kwenye majani na fimbo yake na kaniki yake, amebadilisha kuku kuwa mama ili mchezo upate ladha mpya, na kicheko kikawatoka kama maji yaliyovunja kizuizi. Wanawake walikumbatiana. Mzee mmoja alipiga magoti akipigapiga ardhi kwa kiganja, machozi yanamtiririka. Mtu akanitupia kipande cha muhogo wa kuchoma, chakula chake cha siku nzima, kama zawadi. Sijawahi kupendwa vile na baraza lolote.

Nikataka kusema: amekufa kweli, yuko pale ng'ambo, nifuateni. Maneno nilikuwa nayo. Lakini kicheko kilikuwa bado juu, na mwili wangu ulijua la kufanya kicheko kikiwa juu. Nilijikuta nimenyamaza. Nilijikuta nangoja waishe. Niliketi pale, mama yangu analaliwa na inzi, na nikawasubiri wajukuu zangu wamalize kucheka, kama nilivyofundishwa. Walipoanza kutulia nikainua uso taratibu, na mdomo ukasema:

"Mwenye kumwona anirudishie, hata manyoya."

Sikuisikia tena kambi ile baada ya hapo. Nakumbuka tu kwamba mwanamke mmoja mwenye makovu ya ndui aliinuka akiwa bado anacheka, akaja kunikumbatia, akanusa nguo zangu, na uso wake ukabadilika. Alinishika mkono akanitaka nimwonyeshe. Wakafuata wachache. Walipofika kibandani kicheko kilikuwa kimekwisha, na yule mzee aliyepiga magoti ndiye aliyechimba. Walimwosha mama vizuri. Walimsalia. Walinisogeza mbele kaburini nimlilie, wakanizunguka, safari hii wakiwa tayari kabisa kuniamini. Sikuwa na chozi. Nilijaribu, na kila kilio kilipopanda kooni nilisikia mahali ambapo wangecheka, nikakimeza. Nimekimeza tangu siku ile. Nilizika watu wengine baadaye, na wote niliwazika macho makavu.

Wengi waliokuwa kambini hawakutufuata shambani, kwa hiyo hawakujua. Miaka mingine ilipopita na mji wa Kasongo umekusanya tena watu, mmoja wao alinikuta sokoni. Mtu mwema, mvuvi, alikuwa amefiwa na wanawe wawili kwenye njia ile. Alinishika mikono yote miwili, akaniambia kwamba amenitafuta siku nyingi anishukuru. Akasema alikuwa amekaa kule kambini anangoja kufa, nikatokea mimi, akacheka, na baada ya kucheka akaona anaweza kula.

"Bibi, miye nilikuona tangu uko mutoto mudogo," aliniambia. "Nyangwe nilikuona, Kasongo nilikuona. Lakini siku ile ya Kabambare, ile ya mama, ile ulilia vizuri kupita zote."

Alikuwa amesema kweli.